Puli Inacheza Kwenye Shafti? Usiweke Bati, Chongesha Bushi

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, ambacho kukosekana kwake kulitutia hasara hapa Dutumi. Na hasara ile mkono wangu umo.

Kikundi kimoja cha akina mama kina mashine ya kuparaza muhogo. Injini yao ya petroli ya hp 13 ilikufa, wakanunua ndogo ya hp 6.5. Puli ya zamani wakabaki nayo. Tundu la puli ni milimita 25.4, yaani inchi moja. Shafti ya injini mpya ni milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Ikawa inapwaya. Mimi bwana shamba wao nikasema, "Kateni kopo, zungushieni bati mpaka libane, kazi iendelee."

Haikufika mbali. Bati lilisagika, puli ikaanza kuyumba, shafti ikatafunwa, mkanda ukaruka. Muhogo ulishang'olewa, umelundikwa pale. Na muhogo haungoji mtu: ndani ya siku mbili tatu unaanza michirizi ya bluu na nyeusi, hapo hauna soko tena. Mama mmoja akaniambia tu, "Bwana shamba, si ndo wewe ulituambia?" Sikuwa na jibu.

Jibu ni hili. Ilitakiwa bushi.

Bushi ni nini?
Ni kipande cha bomba la chuma kinachojaza nafasi kati ya shafti na puli. Ndani kinaenea shafti, nje kinaenea tundu la puli. Kwa vipimo vya hapo juu, unene wa ukuta wake ni milimita 3 na ushee. Urefu uwe sawa na urefu wa shingo ya puli.

Pima kabla ya kwenda kwa fundi
Usipime kwa rula. Tumia venia, au beba puli na injini yenyewe. Injini hizi ndogo zinadanganya: nyingine shafti yake ni milimita 20, nyingine ni 19.05, na kwa macho zinafanana. Ukitaja "ishirini" wakati yako ni 19.05, utaletewa bushi inayopwaya karibu milimita nzima.

Kazi ya fundi wa kukereza
Kipande cha chuma laini cha kawaida kinatosha. Mwambie fundi mambo mawili.

1. Atoboe ndani na akereze nje bila kukitoa chuma kwenye mashine, ndipo akikate. Akikitoa na kukigeuza katikati ya kazi, tundu linaweza kwenda upande, na puli itayumba hata kama kila kipimo ni sahihi.
2. Ajaribishe kwenye shafti yako. Bushi iingie kwa kusukuma kwa mkono bila kucheza. Kwenye puli iingie kwa kugongwa taratibu na kipande cha mbao.

Usisahau ufunguo
Ufunguo ni kile kichuma kinachozuia puli isizunguke peke yake. Bushi lazima ipasuliwe mfereji urefu wote ili ufunguo upite. Hapa kuna mtego: mfereji wa shafti ya 19.05 kwa kawaida una upana wa milimita 4.76, wa puli ya inchi moja una 6.35. Kwa hiyo fundi achonge ufunguo wa ngazi, chini mwembamba, juu mpana. Bila huo, bushi nzuri nayo itazunguka bure.

Kufunga
Zima injini na uchomoe waya wa plagi. Safisha shafti kwa msasa, paka grisi kidogo. Sukuma puli karibu na injini iwezekanavyo, maana ikikaa nchani mkanda unavuta shafti na kuua beringi. Kaza skrubu ya puli juu ya ufunguo. Nyoosha kamba kutoka puli moja hadi nyingine uone kama zimelingana. Rudisha kinga ya mkanda. Kanga na watoto havina breki.

Lini bushi haifai?
Kama tofauti ni ndogo sana, mfano puli ya 20 kwenye shafti ya 19.05, ukuta utakuwa mwembamba chini ya nusu milimita. Hapo tafuta puli ya saizi yako. Kama shafti imeshatafunwa, itengenezwe kwanza. Puli yenye ufa tupa kabisa.

Fundi wa kukereza ukimkosa Mlandizi, ulizia SIDO au VETA mkoani kwetu Pwani, au shuka Gerezani, Dar. Patana bei kabla chuma hakijakatwa.

La mwisho, na hili najiambia na mimi: mashine ijaribiwe siku moja kabla, muhogo ukiwa bado ardhini. Ardhini muhogo unaweza kumsubiri fundi. Ukishang'olewa, hausubiri.

Kina mama wale sasa wana bushi yao, na mimi nimeacha kugawa ushauri wa makopo. Ukikwama, nipitie ofisi ya kata. Njoo na puli yako.