Bati lako ni kisima

Kule Kitui na Makueni mvua huja mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Disemba, ambayo ndiyo tegemeo la wakulima. Katikati mito mingi hukauka. Akina mama hufukua mchanga mtoni wapate maji, au hununua kwa mtungi.

Hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la nyumba ya mita 6 kwa 5, ikinyesha milimita 10, hupokea lita 300. Hata ukitoa yanayopotea, hukosi mitungi 12 ya lita 20. Zidisha kwa bei unayonunulia mtungi, utajua pesa zinazomwagika uani.

Anza na mfereji chini ya bati na pipa moja. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Funika pipa mbu wasizaliane, na ya kunywa chemsha.

Nasi Wapwani tusicheke. Wazee wetu walijenga majabia ya kuwekea maji ya mvua. Sisi twangojea mkokoteni.