Mashine ya Kukatia kwa Maji: Mgeni Huyu Apewe Jembe Lipi?

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mitambo mipya nayo yafaa ipokewe kwa hekima hiyo hiyo. Siku ya kwanza watu huizunguka wakaistaajabia. Siku ya pili hupigwa picha. Lakini siku ya tatu hapana budi ishike kazi, na kazi yenyewe ilipe. Mtambo usiofika siku ya tatu huishia kufunikwa turubai pembeni mwa karakana, na fedha zilizoununua, ziwe za fundi au za umma, zimekwenda na maji.

Mgeni wa leo ni mashine ndogo ya kukatia kwa maji, ile ikaayo juu ya meza. Kijana yeyote mwenye simu aweza kuitazama ikipenya bamba la chuma pasipo moto wala cheche, akatamani awe nayo. Matamanio hayo si dhambi. Walakini ni wajibu wa mwenye karakana, na zaidi ni wajibu wa ofisa atiaye saini hati ya manunuzi, kuuliza kwanza: mgeni huyu ala nini, na jembe lake ni lipi?

ASILI YAKE

Nguvu ya maji si habari mpya. Katika miaka ya 1850 wachimba dhahabu wa California, huko Marekani, walielekeza mabomba ya maji katika vilima wakavibomoa. Katikati ya karne ya 20 mhandisi wa misitu, Norman Franz, alijaribu kukata mbao kwa uzi mwembamba wa maji yaliyosukumwa kwa nguvu nyingi. Maji matupu yaliviweza vitu laini, kama vile karatasi na mpira, lakini chuma kiliyashinda. Aliyekivuka kizingiti hicho ni Dk. Mohamed Hashish, mhandisi mzaliwa wa Misri, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Flow, jimbo la Washington. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye na wenzake waliyachanganya maji na mchanga mgumu wa ganeti. Tangu hapo mchanga ndio ukatao. Maji ni mbebaji tu. Neno hili tulishike vema, maana ndilo ufunguo wa hesabu yote itakayofuata.

Mitambo mikubwa ya viwandani husukuma maji kwa shinikizo la ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba, yakatoka kwa mwendo uzidio mara mbili ule wa sauti. Bei yake ni ya kiwanda, na umeme wake ni wa kiwanda. Ndipo mwaka 2016 wahandisi wawili, Nisan Lerea na Matthew Nolan, waliosoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walipotangaza mashine ndogo iitwayo Wazer. Waliwaomba watu waiagize kabla haijatengenezwa, kwa njia ya mtandao wa Kickstarter, na zaidi ya dola milioni 1.3 zikakusanyika. Bei ya dukani iliyotajwa wakati ule ilikuwa karibu dola 6,000. Meza yake ya kukatia ina upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 46 hivi. Hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani na maji ya bomba, na shinikizo lake halifiki hata sehemu moja ya kumi ya lile la mitambo mikubwa.

SIFA ZAKE

Ni haki ya mgeni kusifiwa kwa jema alilo nalo. Kwanza, mashine hii haichomi. Mwali wa gesi na mtambo wa plasma huyeyusha chuma. Ukingo ukawa mgumu, na bamba jembamba likajikunja. Maji hayaachi alama ya moto. Pili, haichagui. Shaba, alumini, chuma cha pua, vigae, marmar, mpira, hata kioo cha kawaida, vyote hukatika, hali plasma hukata tu kile kipitishacho umeme. Isipokuwa kioo kilichokazwa kwa moto, kama kile cha madirisha ya ubavuni mwa magari. Hicho hupasuka vipande vipande mara kiguswapo, na hakuna mashine ya maji itakayokiweza. Tatu, hufuata mchoro wa kompyuta, hata kipande cha kumi kikalingana na cha kwanza.

Je, visiwani humu yupo mwenye kazi inayostahili sifa hizo? Yupo, wala si vigumu kumpata. Tazama kasha la Zanzibar: juu ya mbao zake kuna misumari ya njumu na mabamba ya shaba ya manjano yaliyokatwa kwa nakshi. Bamba lenyewe ni jembamba, ni dogo, lina thamani, na halipendi moto. Hiyo ndiyo kazi ya mashine hii hasa. Kadhalika fundi wa injini za boti, anayehitaji gasketi ya mpira au ya shaba ambayo haipatikani tena madukani; aipime ile kuukuu, aichore, aikate mpya. Aidha mtengeneza vibao vya majina, na fundi apangaye vigae vya rangi mbalimbali kwa nakshi.

Lakini fundi wa mageti na madirisha ya vyuma asidanganyike. Bamba analolinunua dukani lina futi 4 kwa 8. Meza ya mashine hii ni ndogo kuliko sinia ya pilau ya harusi. Itambidi kwanza alikate bamba kwa njia nyingine ndipo alete vipande, na mwendo wa mashine ni wa pole mno. Kwake yeye mtambo wa plasma ni bora: wataka umeme na hewa iliyoshindiliwa, na kazi huisha upesi. Anayemuuzia fundi huyu mashine ya maji amuuzia seremala mkasi.

CHAKULA CHAKE

Sasa tufike kwenye hesabu. Bei ya kununulia ndiyo itazamwayo na wengi, nayo ni ndogo kuliko ile ifuatayo. Mashine hii hula gramu 150 hivi za ganeti kwa kila dakika ya kukata. Kwa saa moja ni kilo 9. Mfuko wa kilo 25 haufiki saa tatu. Karakana ikikata kwa saa nne kwa siku, siku tano kwa juma, itahitaji kilo 180 kila juma, yaani tani 9 kwa majuma 50 ya kazi. Tani 9 hizo zivuke bahari, zishushwe bandarini, zilipiwe ushuru, zipakiwe garini, na zihifadhiwe pakavu. Juu ya hayo, mdomo utoao maji huliwa na mchanga ule ule, na kitanda kishikiliacho bamba hukatwa pamoja na kazi. Vyote hivyo sharti vibadilishwe kila baada ya muda.

Ganeti ya kukatia huchimbwa kwa wingi Australia ya Magharibi, na pia India, China na Afrika Kusini. Atatokea mtu aseme kwamba nchi yetu inayo ganeti. Ni kweli, Bonde la Umba mkoani Tanga lajulikana kwa vito vya jamii hiyo. Lakini kito cha sonara ni kitu kimoja, na mchanga uliooshwa, ukakaushwa na kuchekechwa hadi chembe zake zilingane, ni kitu kingine. Chembe moja kubwa kupita kiasi yatosha kuuziba mdomo.

Wala asije mtu akachota mchanga wa Paje au Nungwi kwa kudhani ameokoa fedha. Mchanga wetu mweupe ni chokaa ya matumbawe na makombe. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs haupiti 4, hali ganeti hufikia 7 na zaidi. Utajisaga wenyewe kabla ya kukisaga chuma. Mchanga wa mito ya Bara ni mgumu kweli, ila vumbi lake likikauka huingia mapafuni likaleta maradhi yasiyo na tiba.

TOPE LAKE

Kiingiacho hutoka. Tani 9 za mchanga zinazoingia zitatoka tani 9, zikiwa tope lililochanganyika na unga wa chuma, shaba, mpira na kioo. Ganeti yenyewe si sumu, lakini shaba ya manjano aghalabu huwa na risasi ndani yake. Tope hili likimwagwa katika mtaro wa mtaani litaganda na kuuziba. Likimwagwa shimoni karibu na kisima litamfuata mnywaji. Kisiwa cha Unguja hunywa maji yaliyochujwa na mawe ya chokaa yenye nyufa, na maji ya juu hayachelewi kuyafikia ya chini.

Wale wachimbaji wa California tuliowataja walidhani maji yatachukua uchafu wao na mambo yataishia hapo. Tope likajaza mito na kufunika mashamba ya watu, hata mwaka 1884 mahakama ikapiga marufuku mtindo huo wa kuutupa uchafu mitoni. Karakana moja si mgodi, ni kweli. Hata hivyo sheria ya maji haijabadilika: alitumiaye hana budi aseme litakwenda wapi.

MAJI, UMEME NA INTANETI

Mashine hutaka maji muda wote wa kukata, wala hayarudi tena kutumika. Yakikatika katikati ya kazi, bamba limeharibika. Aidha maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi, ile ile iachayo ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo huo hujenga katika pampu na mabomba membamba. Kwa hiyo tangi na chujio si anasa, ni sehemu ya mashine.

Kuhusu umeme, wakazi wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, ulipokatika kwa majuma kadhaa, wala ile miezi mitatu ya kuanzia Desemba 2009. Waya wa pili wa baharini uliozinduliwa mwaka 2013 umepunguza hatari hiyo, lakini kukatika kwa dakika tano tu kwatosha kuharibu kipande kilichokatwa kwa saa nzima. Halafu programu ya kupangia kazi ya mashine hii hufunguliwa kwa intaneti. Pasipo mtandao, mchoro hauendi kokote. Na kwa hewa yetu ya chumvi, chuma kikitoka majini kikaachwa usiku mmoja bila kufutwa na kupakwa mafuta, asubuhi kitakuwa chekundu.

HUKUMU

Kutokana na hesabu hizi, mashine hii si ya kila karakana. Fundi mmoja aikopee, kisha aisubirishe siku tatu kwa kazi moja, atakuwa amenunua deni. Walakini ni kosa vilevile kuikataa kabisa, kwani kazi za shaba, gasketi na vigae zipo, na mikono izifanyayo inapungua. Njia ya haki ni kuwa na mashine moja ya pamoja mahali penye mafundi na wanafunzi. Vituo vya mafunzo ya amali, kama vile Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, ndipo pa kufikiriwa kwanza. Fundi alete mchoro na bamba lake, alipe kwa dakika, aende zake.

Lakini kabla ya saini kutiwa, yafaa masharti matano yatimizwe. La kwanza, iwepo orodha ya kazi zenye wenyewe, iliyoandikwa kabla ya mashine kuagizwa. La pili, muuzaji akate vipande vyetu, si vyake, na mbele yetu zihesabiwe dakika na kilo za mchanga. Asiyekubali sharti hili aachwe. La tatu, ganeti, midomo na vitanda vya mwaka mzima viwemo katika bei ya manunuzi, na fungu la mwaka wa pili lijulikane litatoka wapi. La nne, mahali pa tope na tangi la maji viwe tayari kabla ya sanduku kufunguliwa. La tano, wafundishwe watu wawili na zaidi, ili mmoja akihamishwa mashine isihamie kaburini.

Na bei ya dakika ipangwe kwa ukweli. Ndani yake uwemo mchanga, mdomo, umeme, maji, mshahara wa mwendeshaji, uchukuzi wa tope, na akiba ya kununulia mashine nyingine hii itakapochoka. Ikiwa mafundi wa makasha na wa boti wataiona bei hiyo na bado wakapanga foleni, basi inunuliwe bila kusita. Wakiiona wakarudi kwenye misumeno yao, tutakuwa tumelijua jibu kwa gharama ya karatasi na kalamu tu, na fedha za umma zitakuwa zingali mkononi zikingoja jambo linalozistahili.