Avoka ya kula na avoka wa tribinali: juu ya nini jina moja?

Mutoto wa masomo hapa Kambove anaweza kuuliza: juu ya nini avoka tunayokula na mukate inaitwa sawa na avoka anayetetea watu kwenye tribinali? Wakubwa wengi wanacheka tu, wanasema ni mambo ya Kifaransa. Lakini jibu linatoka mbali zaidi, kule Meksiko.

Waazteki, wenyeji wa Meksiko, waliita tunda hilo ahuacatl katika lugha yao, Kinahuatl. Mwaka 1521, Wahispania wa Hernán Cortés waliteka muji wao mukubwa, Tenochtitlan. Wageni hao hawakuweza kutamka vizuri ile sauti ya mwisho, wakasema aguacate. Kisha wengine wakalivuta jina karibu na neno walilojua tayari: avocado, maana yake, kwa Kihispania cha zamani, mutetezi wa sheria. Wafaransa nao wakaandika avocat, na Wakongomani wakapokea avoka.

Kwa hiyo, tunda halina kesi yoyote na mutetezi. Masikio tu ndiyo yaliyochanganya. Hata divai ni vilevile: Wafaransa wanasema "du vin", maneno mawili, na Kiswahili kikayashika kama neno moja.

Kinahuatl kina pia neno molli, maana yake muchuzi. Ukiunganisha ahuacatl na molli, unapata ahuacamolli, muchuzi wa avoka. Ndiyo guacamole inayojulikana leo duniani kote. Mama wa Kambove anaweza kuitengeneza na vitu vya soko: aponde avoka zilizoiva, aongeze tomati, kitunguu, pilipili, chumvi na ndimu kidogo. Haipikwi kwenye moto. Ikae muda mufupi tu, kwa sababu inageuka nyeusi haraka.

Na ile tomati? Ni neno la Kinahuatl pia, tomatl. Hata mahindi ya bukari yalilimwa kwanza kule Meksiko.

Watu wengi wanafikiri majina haya ni mali ya wazungu, kumbe wazungu waliyapokea kwa wakulima. Watu zaidi ya milioni moja wangali wanasema Kinahuatl. Basi mutoto akiuliza tena, asichekwe. Aambiwe: jina la tunda lilikuwako kwanza, kabla wageni hawajalichanganya na la mutetezi.