Spika Tatu Ndani ya Boksi Moja

Anayetaka kujenga spika ndefu za kusimama sakafuni mara nyingi huanzia kwa seremala, na hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Ujazo wa boksi, upana wa uso wake na mahali pa kila tundu hutokana na hesabu za spika zitakazofungwa humo. Kalamu itangulie msumeno.

Kwa nini spika tatu? Sikio zima la kijana husikia takribani kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Hewani, wimbi la hezi 20 lina urefu wa mita 17. La hezi 20,000 halifiki hata sentimita 2. Koni moja haiwezi kuyamudu yote mawili. Ukitaka kushuka oktava moja bila sauti kupungua nguvu, koni ileile lazima isafiri mara nne ya mwanzo, ndiyo maana besi hudai koni pana. Koni pana nayo ina kasoro yake: ya inchi 8, ikipandishwa hadi karibu hezi 2,000, huanza kuelekeza sauti mbele tu, na aliyekaa pembeni husikia uimbaji uliofifia. Basi inchi 8 ishike besi, inchi 4 ishike katikati, na tuita ya inchi 1 ishike juu. Tukigawa kwenye hezi 400 na 3,000, sehemu kubwa ya maneno ya mwimbaji hutoka kwenye koni moja isiyotikiswa na gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene hulia kwenye hezi 41.

Hesabu za boksi tunadaiwa na Mwaustralia Neville Thiele, aliyechapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970. Karatasi ya vipimo ya spika ya besi huonyesha namba tatu muhimu: fs, yaani hezi ambazo koni huvuma kwa asili yake, Qts, yaani jinsi inavyojizuia kuyumba, na Vas, ulaini wa koni ulioelezwa kwa lita za hewa. Chukua spika yenye fs ya hezi 30, Qts 0.38 na Vas lita 60. Katika boksi lililozibwa kabisa itatulia vizuri kwenye lita 24, lakini besi itaanza kupungua karibu na hezi 56, juu ya ule uzi mnene wa gitaa. Ukiipa lita 45 na bomba la kipenyo cha sentimita 7 lenye urefu wa sentimita 23, boksi litavuma kwenye hezi 30, kama chupa tupu inayopulizwa mdomoni, na besi itashuka hadi huko. Gharama yake ni kwamba chini ya hezi 30 hewa ya boksi haiizuii tena koni, na ukizidisha sauti inaweza kugonga na kuharibika. Kanuni ni rahisi: spika isiyo na karatasi ya vipimo iache dukani.

Kimo cha boksi nacho kina tabia yake. Likiwa na mita 1 kwa ndani, sauti hurudi juu na chini na kujenga mvumo karibu na hezi 170. Spika ya besi ikifungwa karibu na katikati ya kimo, mvumo huo hauchochewi sana. Pamba au sufi upande wa ndani humalizia kazi. Spika ya kati lazima iwe na chumba chake kilichozibwa, la sivyo hewa inayosukumwa na besi itaitikisa kwa nyuma. Tumia ubao wa MDF wa milimita 18, uso wa mbele milimita 25, na viunganishi vya ndani vya kushikiza kuta. Kwa wakazi wa pwani, paka rangi ya kuziba kingo zote zilizokatwa, kwani MDF hufura ikinyonya unyevu.

Sasa krosova, saketi inayogawa sauti kwa koili na kapasita. Siegfried Linkwitz alieleza mwaka 1976 mpangilio ambao spika mbili hukutana zote zikiwa zimeshuka desibeli 6, na zikijumlishwa mstari unanyooka. Kwa spika za omu 8, mpangilio wa daraja la pili unahitaji koili ya milihenri 0.85 na kapasita ya mikrofaradi 3.3 kwenye hezi 3,000. Kwenye hezi 400 koili inafika milihenri 6.4 na kapasita mikrofaradi 25. Shaba yote hiyo ndiyo inayofanya makutano ya chini yawe ghali kuliko ya juu.

Hata hivyo namba hizo ni za kuanzia tu. Omu 8 iliyoandikwa kwenye spika ni jina. Ukinzani wenyewe hupanda na kushuka kadiri hezi zinavyobadilika. Uso wa boksi nao unaingilia kati: wenye upana wa sentimita 24 hurusha mbele sauti zilizo juu ya takribani hezi 480, lakini za chini huzunguka boksi na kukosa hadi desibeli 6 mbele. Kwa hiyo spika ya besi iwe na nguvu zaidi, na ya kati ipunguzwe kwa rezista.

Funga spika kwenye boksi lake, pima kila moja peke yake kwa maikrofoni ya kupimia na programu ya Room EQ Wizard, kisha ingiza vipimo hivyo katika VituixCAD na ubuni krosova humo. Zote mbili hazilipiwi. Ukishaijenga, badilisha nyaya za chanya na hasi za spika ya kati na upime tena. Yakitokea mapengo mawili yenye kina, moja kwenye kila makutano, mpangilio wa awali ulikuwa sahihi. Rudisha nyaya na uanze kusikiliza. Pengo likiwa dogo au limepotoka, spika hizo hazikutani vizuri, na hakuna kapasita ya bei kubwa itakayoficha hilo. Mwenye bajeti finyu apunguze urembo wa mbao, asipunguze maikrofoni.