Picha ya Kamera Ikiharibika, Ulinzi wa Nyumba Umelegea

Mwaka 1966 mwuguzi mmoja wa mjini New York, Marekani, aitwaye Marie Van Brittan Brown, pamoja na mumewe Albert Brown, waliomba hati ya uvumbuzi kwa ajili ya kamera ya kulinda nyumba. Saa zao za kazi hazikulingana, na mara nyingi mama huyo alibaki peke yake usiku. Kamera yao ilichungulia kupitia matundu ya mlango, na sura ya mgeni ikaonekana katika televisheni chumbani kabla ya mlango kufunguliwa. Hati hiyo ilitolewa tarehe 2 Desemba, 1969.

Familia za askari na polisi zinaijua hali hiyo bila kusimuliwa. Baba au mama yuko lindoni, na watoto wamelala nyumbani. Siku hizi kamera ndogo huunganishwa na taa, kengele na kufuli katika mfumo mmoja wa nyumba, na picha hutazamwa katika simu hata na mtu aliye mbali. Lakini mara nyingine picha hiyo huganda, hukatika vipande vya mraba, au hufunikwa na rangi ya kijivu. Jambo hilo lisidharauliwe. Jamaa wasio na kamera hukesha kwa macho na masikio, lakini wenye kamera mbovu hulala wakiamini kwamba wanalindwa.

Wengi hukimbilia kununua kamera mpya, na fedha hupotea bure kwa kuwa aghalabu kamera haina kosa. Picha husafiri njia ndefu. Hutoka katika kamera, hupita katika waya au hewani, huingia katika rauta, hufunguliwa na kompyuta ya mfumo, ndipo ifike katika simu. Kosa laweza kuwa mahali popote katika njia hiyo, na kazi ya mwenye nyumba ni kuikagua hatua kwa hatua.

Kwanza yafaa kuelewa jinsi picha inavyotumwa. Kamera nyingi hubana picha kwa kanuni iitwayo H.264, iliyotolewa mwaka 2003. Kamera hutuma picha moja kamili, kisha kwa muda hutuma mabadiliko tu, kama mtu aliyesogea au tawi lililotikisika. Kipande kimoja kikipotea njiani, mabadiliko yanayofuata huwekwa juu ya picha yenye kasoro, na uchafu huo hubaki mpaka picha kamili nyingine iwasili. Kwa hiyo miraba inayotoweka yenyewe baada ya sekunde chache huonyesha kwamba habari zinapotea njiani, wala si kwamba jicho la kamera limekufa.

Ukaguzi uanzie kwenye mfumo. Picha itazamwe kwa programu ya kamera yenyewe, bila kupitia mfumo wa nyumba. Ikiwa safi huko, basi kosa limo ndani ya mfumo. Kompyuta ndogo inayofungua picha za kamera nyingi kwa wakati mmoja huelemewa. Kamera nyingi hutoa mikondo miwili ya picha, mkubwa na mdogo; mkubwa utumike kuhifadhi, na mdogo utumike kutazama. Tena, mfumo ukipokea picha kwa njia ya UDP, kipande kilichopotea kwa kawaida hakirudiwi. Ukibadilishwa kutumia TCP, kipande hicho hutumwa upya, ingawa picha yaweza kuchelewa kidogo.

Ikiwa picha ni mbovu kotekote, ukaguzi uhamie hewani. Kamera nyingi zisizo na waya hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na jiko la mikrowevu hufanya kazi katika mawimbi ya jirani na hayo. Mabati na kuta za zege lenye nondo nazo huyazuia. Kamera iletwe karibu na rauta kwa muda. Ikitoa picha safi hapo, rauta isogezwe au kamera ipewe waya. Waya wa kawaida wa mtandao huweza kufika mita 100.

Hatua ya tatu ni umeme. Kamera inayofanya kazi vizuri mchana na kuzimika-zimika usiku mara nyingi ina njaa ya umeme. Giza likiingia huwasha taa zake za infraredi, zisizoonekana vizuri kwa macho, na matumizi yake huongezeka. Adapta dhaifu, waya mwembamba ulio mrefu, au kiungo chenye kutu hushindwa kuubeba mzigo huo. Fundi apime volti mwishoni mwa waya, karibu na kamera, usiku taa hizo zikiwaka.

Mwisho ni usafi. Ukungu mweupe unaoonekana usiku, ukikaa mahali pale pale katika picha, mara nyingi ni utando wa buibui au vumbi linalorudisha mwanga wa infraredi. Kitambaa laini na safi chatosha kuuondoa.

Haraka haraka haina baraka. Mwenye nyumba abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, ndipo ajue lipi limeponya. Aweke daftari, mfano wa kitabu cha matukio kituoni, na kuandika saa ya kila hitilafu. Picha ikiharibika kila chakula kinapopashwa moto, jiko la mikrowevu lishukiwe. Ikiharibika kila inyeshapo mvua, viungo vya waya vifunguliwe na kukaguliwa.

Matengenezo yakimalizika, yajaribiwe usiku. Mtu mmoja wa nyumbani apite langoni kwa mwendo wa kawaida, na mwingine atazame katika simu. Uso utambulikane, mwendo usikatike, na saa iliyoandikwa juu ya picha iwe sahihi, maana picha yenye saa ya uongo itawasumbua polisi watakapoihitaji kwa upelelezi. Jaribio hili lirudiwe kila mwezi, na lisikose kufanywa kabla ya mwenye nyumba kuondoka kwa safari ndefu ya kazi.