Gari dogo tulivu: Mambo ya kupima kabla ya safari ya Kilwa na Lindi

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wenye asili ya Kilwa na Lindi hununua magari madogo yaliyotumika kutoka Japani kwa ajili ya shughuli za mjini. Lakini inapofika sikukuu, harusi au msiba, magari hayo hayo ndiyo hubebeshwa safari ndefu ya kusini.

Hapo ndipo tofauti hujitokeza. Gari ambalo halikuwa na kasoro yoyote kati ya Mbagala na Kariakoo hugeuka kuwa adha baada ya Kibiti: abiria hupaza sauti ili wasikilizane, wazee hulalamikia migongo, na dereva hufika akiwa amechoka kupita kiasi. Uchovu huo si jambo la anasa, kwani dereva aliyechoka huchelewa kuona ng'ombe, mtembea kwa miguu au lori lililoharibika barabarani usiku.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi kuliko zamani. Kabla ya kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, wasafiri waliuvuka Mto Rufiji kwa pantoni. Kipande cha kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga nacho kiliendelea kuwa kero hadi kilipowekwa lami katika muongo wa 2010. Leo gari dogo linaweza kufika Kilwa Masoko, umbali wa zaidi ya kilometa 300, au Lindi, takriban kilometa 450, kwa siku moja. Swali ni gari lipi litamfikisha msafiri akiwa mzima wa mwili na akili.

Kelele hutoka wapi

Kelele za ndani ya gari zina vyanzo vitatu vikuu: injini, matairi na upepo. Katika mwendo mdogo wa mjini, injini ndiyo husikika zaidi. Mwendo ukizidi, mngurumo wa matairi juu ya lami hutawala, hasa pale ambapo kokoto za lami ni kubwa. Upepo nao huongezeka kwa kasi ya ajabu.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na ongezeko la desibeli 10 husikika masikioni kama kelele maradufu. Gari likitoka mwendo wa kilometa 90 kwa saa hadi 110, kelele za upepo peke yake huongezeka kwa desibeli zipatazo 5. Kwa upande mwingine, kwenda kwa 90 badala ya 110 humwongezea msafiri dakika zipatazo 12 tu katika kila kilometa 100. Kwa hiyo utulivu wa kwanza hautoki dukani, bali hutoka kwenye mguu wa dereva.

Injini na umbo la gari

Mnunuzi aangalie idadi ya silinda kabla ya kuangalia rangi. Injini ya silinda tatu hula mafuta kidogo, lakini kwa maumbile yake hutikisika zaidi ya ile ya silinda nne. Toyota Passo ya ujazo wa lita 1.0 ni ya silinda tatu, ilhali yenye lita 1.3 ya toleo la mwaka 2004 ni ya silinda nne. Toyota Vitz ya lita 1.0 iliyotoka mwaka 1999 ilikuwa na silinda nne. Toleo lililofuata, la mwaka 2005, likawa na tatu kwa ujazo huo huo. Jina moja, basi, halina maana ya gari moja.

Jambo la pili ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari ambalo ekseli zake zimekaribiana huinuka mbele na kushuka nyuma kila linapovuka tuta au rasta, mfano wa ngalawa katika mawimbi. Vitz na IST za matoleo ya kwanza zina umbali wa milimita 2,370. Passo ya mwaka 2004 ina 2,440, Raum ya mwaka 2003 ina 2,500, na Corolla Axio na Runx zina 2,600. Tofauti ya sentimita 23 kati ya IST na Axio yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini abiria wa kiti cha nyuma huihisi katika kila kijiji chenye matuta.

Kwa familia inayosafiri na wazee, Raum ya mwaka 2003 ina sifa ya pekee. Upande wake wa kushoto, ambao kwetu ndio upande wa kushukia abiria, una mlango wa nyuma wa kuteleza na hauna nguzo ya katikati. Mtu mwenye maumivu ya goti au nyonga huingia bila kujikunja.

Wapo pia wanaovutiwa na magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, kama Toyota Aqua iliyoingia sokoni Desemba 2011. Ni kweli kwamba katika foleni gari hilo huweza kwenda kimya kwa umeme. Hata hivyo, katika mwendo wa safari injini ya petroli hufanya kazi kwa sehemu kubwa, na matairi hunguruma kama ya gari jingine lolote. Anayelinunua kwa ajili ya safari za kusini asitarajie ukimya ule ule wa mjini.

Matairi

Wengi hupenda rimu kubwa kwa kuwa hulipendezesha gari. Gharama yake huonekana katika hesabu. Tairi lililoandikwa 175/65R14 lina upana wa milimita 175, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 114 hivi. Tairi la 185/55R16 lina ubavu wa milimita 102 hivi. Ubavu ndio mto wa kwanza kati ya shimo na mgongo wa abiria. Ukipungua, kishindo huongezeka na rimu hupinda kwa urahisi zaidi.

Umri wa tairi nao ni muhimu. Mpira hukakamaa kadiri unavyozeeka, hata kama kashata zake bado ni ndefu, na tairi kavu hupiga kelele na kuteleza kwenye maji. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kosa jingine ni kujaza upepo kupita kiasi. Kibandiko cha Kijapani kwenye fremu ya mlango wa dereva hutaja kipimo cha kilopaskali, ilhali vituo vyetu vingi hutumia paundi. Kilopaskali 230 ni sawa na paundi 33 hivi. Ukisukuma hadi 40 bila sababu, gari hurukaruka na tairi huisha katikati.

Namna ya kulijaribu gari

Kuzunguka uwanja wa muuzaji hakutoshi. Mnunuzi aombe kuliendesha katika lami na katika barabara ya vumbi, na afuate hatua hizi:

Kwanza, azime redio na kiyoyozi na kufunga vioo vyote. Muziki wakati wa majaribio huficha mengi.

Pili, gari likiwa limesimama, akanyage mafuta taratibu. Mtikisiko mkubwa kwenye usukani na kiti waweza kuashiria kuchoka kwa vishikizo vya mpira vinavyobeba injini, ambavyo hubadilishwa bila kuigusa injini yenyewe.

Tatu, asikilize mlio unaofuata mwendo wa magurudumu badala ya mzunguko wa injini. Ukiwa wa matairi, hubadilika kulingana na aina ya lami. Ukizidi au kupungua gari linapokata kona, beringi ya gurudumu ishukiwe.

Nne, akandamize kila pembe ya gari kwa mikono na kuiachia. Ikiendelea kucheza badala ya kutulia mara moja, shokapu zimekwisha. Aangalie pia kama zinavuja mafuta.

Tano, afungie kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta. Kikitoka bila upinzani, mpira wa mlango umechoka na utapitisha upepo, vumbi na maji.

Sita, akae kiti cha nyuma kwa muda, kwani huko ndiko watakakokaa mama na watoto. Paja lisiloegemezwa kwa saa tano au sita huchosha kuliko shimo moja la barabarani.

Chumvi na mafuriko

Anayeishi Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje au Lindi mjini ana adui mwingine: hewa ya chumvi. Kutu hula sehemu za chini, na bodi iliyolegea huanza kugongagonga. Gari lipandishwe juu na kukaguliwa kabla ya kulipwa, kisha lioshwe chini kwa maji baridi mara kwa mara.

Aidha, utulivu usimpumbaze mtu wakati wa masika. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Kilwa, na wasafiri wakakwama kwa siku kadhaa. Gari dogo liko chini, na maji yanayokwenda kasi huweza kulielea na kulisomba hata kabla ya kufika kwenye vioo. Maji yakivuka barabara, busara ni kusubiri.

Bei na hesabu ya mwisho

Ushuru wa magari yaliyotumika hutegemea pamoja na mengine ujazo wa injini na umri wa gari, na yaliyozeeka hutozwa zaidi. Ni vyema mnunuzi akokotoe kodi kupitia tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kuagiza, kisha atenge fedha za matairi mapya, shokapu na bushi. Gari lililokwenda kilometa chache Japani laweza kuwa na mipira iliyokauka kwa umri tu.

Kwa anayezunguka mjini na kusafiri mara moja kwa mwaka, IST au Vitz yenye silinda nne na matairi mazuri yatosha. Kwa anayekwenda Kilwa au Lindi kila mwezi, Axio, Runx au Raum iliyotunzwa ni chaguo bora, hata kama bei yake iko juu kidogo. Kwa mstaafu anayetumia sehemu ya mafao yake, tofauti hiyo ya bei huenda ikawa ndogo kuliko gharama ya fundi na ya mgongo katika miaka inayofuata.

Wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Rangi ya gari huonekana na wapita njia. Kelele na mtikisiko wake hubaki kuwa mzigo wa waliomo ndani.