Gemu ya Mpira Yalipa, Kisa Kigeni Hula Mtaji

Mfanyabiashara anayetaka kufungua kibanda cha gemu Sirari, Nyamongo au Mugumu hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kununua mashine: mteja wake anapenda kucheza nini?

Soko la dunia limekwisha kujibu. Gemu za FIFA za kampuni ya Electronic Arts, zilizoanza mwaka 1993, ziliuza nakala zaidi ya milioni 300. Sababu ni nyepesi: kanuni za mpira hazihitaji mkalimani. Kijana anayeshabikia Simba au Yanga huelewa mchezo mara moja. Tena mechi ni ya watu wawili na ni fupi. Kibanda kikitoza kwa mechi, pesa huzunguka haraka. Gemu ya kisa kirefu humweka mteja mmoja kwenye mashine huku wengine wakingoja.

Hata hivyo, jina kubwa pekee haliuzi. Mwaka 1982 Atari ilitoa gemu ya filamu maarufu ya E.T. Mchezo wenyewe ulikuwa mbovu, na mwaka 1983 shehena ya kanda ilifukiwa jangwani New Mexico. Kinyume chake, mwaka 2023 Electronic Arts iliacha jina la FIFA ikatumia EA Sports FC, na mpira ukaendelea kuuza.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ni busara kuanza na mpira, kujaribu gemu nyingine moja, na kulinganisha makusanyo ya kila wiki kabla ya kukopa kwa ajili ya mashine ya pili.